Jioni Ambayo Hakuna Anayekujua



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake.

Ndugu zangu, kaka na dada, muhula unakaribia kumalizika. Wengi wetu tutatawanyika kwenda kwenye mafunzo ya vitendo: wengine Kampala, wengine Jinja, Nairobi, Kigali. Barua za chuo zitaandikwa, fomu zitasainiwa, wazazi watatuma nauli. Lakini kuna jambo moja ambalo halimo kwenye fomu yoyote, nalo ni ile jioni ya kwanza mjini. Kazi bado haijaanza. Alasiri umeshaiswali. Huna jamaa wa kumtembelea, ufunguo wa chumba uko mfukoni, simu ina chaji, na katika mji wa mamilioni ya watu hakuna hata mmoja anayejua jina la baba yako.

Nataka tuizungumze jioni hiyo tu. Mengine walimu wetu wanatosha.

Hapa chuoni tunaishi chini ya macho ya watu, na tuseme ukweli, macho hayo yanatusaidia. Ukikosa Alfajiri siku mbili, mwenzako wa chumba atakuuliza kama unaumwa. Ukionekana mahali pasipofaa, habari itafika msikitini kabla yako. Ukitembea hapa Mbale na kanzu yako, hata muuza chapati anakuita shehe, na mtu aliyeitwa shehe asubuhi huona vigumu kufanya upuuzi mchana. Haya ni katika imani, Mtume (S.A.W.) ametufundisha hivyo, na kuwaonea watu haya si aibu. Ni ngao. Ila ngao hiyo inashikwa na mkono wa mtu mwingine, na siku ukipanda basi unaiacha kituoni.

Kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) tumekisoma tangu madrasa, lakini mara nyingi tunakimbilia milango iliyofungwa na kanzu iliyochanwa kwa nyuma. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, alikaa akahesabu sababu zilizoufanya mtihani ule uwe mzito. Yusuf alikuwa kijana. Hakuwa na mke. Alikuwa mtumwa katika nyumba ya mwenye amri. Na katika sababu hizo akataja kwamba alikuwa mgeni, maana mgeni katika nchi ya watu haoni haya kama anavyoona akiwa kwao, mbele ya jamaa zake na wanaomfahamu. Mimi hapo ndipo niliposimama. Baba yake hakuwa Misri. Ndugu zake walikwisha kumfuta. Lau angelifanya lile aliloitiwa, Kan'ani isingejua. Jibu lake, kama Sura Yusuf aya ya 23 inavyotusimulia, lilikuwa kumtaka hifadhi Allah, bila kutaja kuogopa kuonekana na yeyote.

Mwaka huu nilisafiri kwenda Mombasa kwa ajili ya utafiti wangu wa mwaka wa mwisho. Nilipita Malaba, nikafika Nairobi alasiri, na basi la usiku la kwenda Mombasa lilikuwa limejaa. Nikakata tiketi ya asubuhi, nikatafuta gesti ya bei nafuu maeneo ya River Road. Kijana wa mapokezi aliandika jina langu, akachukua pesa, akanipa ufunguo. Kisha akainama kidogo juu ya meza akaniuliza:

“Bosi, utalala peke yako?”

Nilidhani anauliza kwa sababu ya bei ya chumba. Nikamwambia ndiyo. Akatabasamu. “Ukitaka, kuna watu. Hapa hakuna mtu anakujua.”

Nilimwambia, “Hapana ndugu yangu, nashukuru,” nikapanda ngazi. Sitaki kuyafanya haya kuwa ushujaa, maana hayakuwa ushujaa. Yule kijana alinitajia haramu kwa sauti, uso kwa uso, na haramu ikija hivyo mtu aliyelelewa na mama Mwislamu hushtuka na kukataa. Kazi ilianza nilipofunga mlango. Chumba kilikuwa na kitanda, kiti kimoja, na karatasi ukutani yenye nywila ya intaneti. Niliikaa ile sentensi ya pili nikaitafakari. Hapa hakuna mtu anakujua. Kijana wa mapokezi ameisema mara moja tu, lakini simu mfukoni inaisema kila siku, tena bila kutabasamu wala kudai pesa.

Ndugu zangu, tusijidanganye kwamba mtihani wa mwanafunzi wa leo uko kwenye baa iliyo chini ya gesti. Upo pia, lakini wengi wetu tutaipita ile baa tukisema astaghfirullah, kisha tutapanda juu, tutazima taa, na kioo cha simu kitatuangaza uso. Au tutafungua programu ya kubashiri mechi na kuweka nauli ya kesho. Katika Sunan Ibn Majah kuna hadithi ya Thawban (R.A.) inayonitisha kuliko nyingi nilizosoma. Mtume (S.A.W.) anaeleza habari za watu wa umati wake watakaokuja Siku ya Kiyama na mema mfano wa milima ya Tihama, meupe, kisha Allah atayafanya kuwa vumbi lililotawanyika. Thawban akaomba wasifiwe ili asije akawa mmoja wao bila kujua. Akaambiwa kwamba ni ndugu zetu, wanasimama usiku kwa ibada kama sisi, lakini ni watu ambao wakiwa faraghani na makatazo ya Allah huyavunja. Angalieni hapo: ni watu wa kisimamo cha usiku. Pengine ni makatibu wa jumuiya za wanafunzi, pengine ni waandishi wa makala za dini.

Basi nikatoka. Sikutoka kwa sababu ya elimu kubwa. Nilitoka kwa sababu nilijua chumba kile, mimi na simu, saa tano kabla ya usingizi, hatutaelewana. Na hapa niseme jambo ambalo baadhi yetu hawalipendi: kutembea mjini si dhambi. Wapo wenzetu wanaodhani mcha Mungu akifika mji mkubwa ajifungie, afumbe macho, asubiri basi. Lakini Sura al-Mulk aya ya 15 inatuhimiza tutembee katika pande za ardhi na tule katika riziki yake, na Sura al-Ankabut aya ya 20 inatuhimiza tutembee tutazame. Mtume (S.A.W.) hata alipowaonya masahaba wasikae njiani, nao wakasema hawana budi, hakuwafungia njia. Aliwaambia waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuondoa udhia, kujibu salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Haki ya kwanza ni ya macho, na kwa kijana wa miaka ishirini na kitu katika barabara ya Moi Avenue saa kumi na moja jioni, niamini, ni kazi ya kutwa nzima.

Nilitembea. Niliona matatu zilizopakwa picha ubavuni, muziki wake unakutingisha kifua kabla hujaiona gari yenyewe. Niliona watu wanavyotembea haraka kana kwamba wote wameitwa na mtu mmoja. Nilisimama mbele ya maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, nikawatazama simba wake wa mawe, na hatua chache kutoka pale nikainua kichwa nikaona minara miwili na makuba matatu ya rangi ya fedha. Msikiti wa Jamia. Hii ni neema ambayo hatuifikirii: mtu ametoka zaidi ya kilomita 400, hajui mtaa wala mtu, lakini akivuka kizingiti kile anajua pa kuweka viatu, anajua aelekee wapi, anajua maneno yatakayosemwa. Nairobi kibla ni kaskazini, kinaegemea mashariki kidogo, na safu ni safu. Nikajiona nimefika nyumbani kwa mtu ninayemjua.

Hapa tuingie kidogo kwenye fiqhi, kwa sababu kila likizo naulizwa maswali hayahaya. Msafiri wa masafa ya kufupisha, ambayo maulamaa wengi wameyakadiria kuwa karibu kilomita 80, ana ruhusa ya kuswali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili. Maghribi haifupishwi. Ukiswali nyuma ya imamu mkaazi, unakamilisha pamoja naye rakaa nne. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, unaruhusiwa pia kujumuisha Maghribi na Isha, na ukinuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, hukumu ya safari inakwisha. Kwa hiyo wewe unayekwenda kufanya mafunzo kwa miezi miwili huna qasri pale mjini. Umekuwa mkaazi. Wahanafi wana hesabu yao ya siku 15, na aliye na madhehebu hayo aulize wanavyuoni wake.

Umar (R.A.) alipomuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu kufupisha swala wakati hofu imekwisha, aliambiwa kwamba hiyo ni sadaka Allah amewapa, basi ipokeeni. Muslim ameipokea. Mimi naipenda sana hadithi hiyo. Lakini nimewahi kumsikia mwenzetu akisema kwa furaha kwamba amejumuisha Isha na Maghribi “ili usiku ubaki huru.” Ruhusa ni yake, simnyimi. Ila usiku wetu huku kwenye ikweta ni karibu saa 12 mwaka mzima, na saa 12 ni nyingi mno kwa mtu aliyezifanya huru halafu hana mpango nazo. Ibn Abbas (R.A.) amesimulia, katika Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W.) alitaja neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara ndani yake: afya na faragha. Mwanafunzi msafiri siku hiyo anazo zote mbili kwa wakati mmoja. Na Sura al-Inshirah inamuelekeza Mtume kwamba akimaliza shughuli, ajibidiishe, na kwa Mola wake ajipendekeze.

Baada ya Maghribi nilibaki msikitini. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja amevaa koti zito la kazi, rungu lake amelilaza nyuma ya nguzo. Nilimsalimu shikamoo, akaniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia Mbale akacheka, kwa sababu yeye asili yake ni Mumias, na lugha zetu za nyumbani hazijaachana mbali. Akaniambia ni mlinzi wa usiku katika jengo moja la maduka mjini na kila siku huswali pale kabla ya kuingia zamu.

Nikamuuliza, “Mzee wangu, hauchoki kukaa peke yako usiku kucha?”

Akasema, “Kijana wangu, mimi ndiyo kazi niliyoajiriwa, kukaa peke yangu. Kamera wameweka majuzi tu. Kabla ya hapo nilikaa na funguo za maduka yote, kutoka magharibi hadi asubuhi.”

“Na hakuna kilichopotea?”

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. “Kingepotea kwenda wapi, nami niko?”

Adhana ya Isha ikatukuta hapo. Baada ya swala akachukua rungu lake, akaniombea safari njema, akaondoka. Sikumuuliza jina, wala yeye hakuniuliza langu.

Darasani tumesoma kisa cha Abdullah bin Umar (R.A.) na mchungaji. Ibn Umar alikuwa safarini, akakutana na mchungaji mtumwa, akamjaribu kwa kumtaka amuuzie kondoo mmoja. Mchungaji akasema kondoo si wake. Akaambiwa amwambie bwana wake kuwa ameliwa na mbwa mwitu. Mchungaji akauliza: na Allah yuko wapi? Ibn Umar akalia, kisha akamnunua mtumwa yule na kumwacha huru. Nilikuwa nimekijibu kisa hiki kwenye mtihani, chini ya kichwa cha muraqaba, na nilipata alama nzuri. Wakati nautoa ufafanuzi wangu wa muraqaba kwa vifungu vitatu, kuna mzee katika koti la kazi amekuwa akiifanya kila usiku kwa mshahara mdogo, na sidhani kama anajua inaitwaje.

Nilipokuwa nikirudi gesti nilihesabu jambo katika hadithi mashuhuri ya Abu Hurayra (R.A.) kuhusu watu saba watakaokuwa katika kivuli cha Allah. Watatu kati yao wanasifiwa kwa jambo ambalo watu hawalioni: aliyeitwa na mwanamke mwenye cheo na uzuri akasema anamwogopa Allah, aliyetoa sadaka akaificha hata mkono wa kushoto usijue, na aliyemkumbuka Allah akiwa peke yake macho yakabubujika. Wa nne moyo wake umefungamana na misikiti. Wanne katika saba! Vyeo hivi vyote vinapatikana katika jioni moja ya mtu asiyejulikana na yeyote.

Kwa hiyo nisieleweke kwamba upweke wa safarini ni hatari tupu. Nabii Musa (A.S.) aliingia Madyan akiwa mgeni, mkimbizi, hana mlo wala pa kulala. Tazama alivyoutumia muda ule katika Sura al-Qasas. Aliwaona wanawake wawili wamezuiwa na msongamano kisimani, akawanyweshea wanyama wao bila kuomba malipo, kisha akarudi kivulini na kumwambia Mola wake kwamba yeye ni mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia. Najua wanafunzi wenzangu wa kiume huipenda sana aya inayofuata, maana pale ndipo posa inapoanza kunukia. Tusiruke kivuli tukakimbilia harusi. Mtume (S.A.W.) ametaja dua tatu zisizorudishwa, na mojawapo ni ya msafiri. Wewe uliye peke yako mjini usiku ule una kitu ambacho sisi tuliobaki chuoni hatuna. Lakini kuna hadithi nyingine katika Muslim, ya mtu aliyesafiri safari ndefu, nywele timutimu, amejaa vumbi, anainua mikono akiita Mola wake, na chakula chake ni haramu, kinywaji chake haramu, vazi lake haramu. Atajibiwaje? Ndiyo maana nikataja kubashiri mechi. Pesa ya kamari inakula nauli, kisha inakula na dua.

Dada mmoja katika bodi ya jarida aliisoma rasimu ya makala hii akaniambia kwamba nimeandika kana kwamba kila mtu anaweza kufunga mlango na kutoka akatembee. Ana haki. Kwa dada zetu, barabara ileile saa ileile ina mtihani mwingine, na swali kama la yule kijana wa mapokezi kwao si jaribu bali ni tishio. Suala la safari ya mwanamke bila maharimu lina hadithi zake, na wanavyuoni wa zama zetu wametofautiana pale njia inapokuwa salama na wenzake wa safari ni wa kuaminika. Kila mmoja amuulize mwalimu anayemwamini kabla ya kukata tiketi. Ninachoweza kuongeza ni kwamba misikiti mingi mikubwa ya miji yetu ina sehemu ya wanawake, na kwamba kumwachia dada peke yake kutafuta gesti usiku ni lawama yetu sote katika jumuiya.

Na hata kwa sisi wanaume, katika Bukhari kuna hadithi ya Ibn Umar (R.A.) inayotutahadharisha na kusafiri usiku peke yetu, kwamba watu wangelijua yaliyomo katika upweke huo, mpandaji asingesafiri peke yake. Nilisafiri peke yangu kwa sababu sikuwa na mwenza wa utafiti. Anayeweza kupata mwenza, ampate.

Kwa ajili hiyo tumeiomba kamati iweke daftari msikitini, kwenye rafu ya misahafu, upande wa wanaume na upande wa wanawake. Andika jina lako, mji unakokwenda, tarehe ya kufika na namba ya simu. Waliomaliza chuo na wanaoishi Kampala, Jinja na Nairobi nao tunawatafuta waandike namba zao, ili mtu akishuka kwenye basi awe na wa kumpigia, na dada apate nyumba ya kulala badala ya gesti. Daftari litafungwa Ijumaa ya mwisho ya mitihani baada ya swala.

Ewe Mola wetu, wewe ndiye Mwenza katika safari na Msimamizi wa tuliowaacha nyumbani. Wahifadhi ndugu zetu watakaosafiri, na uwarudishe salama. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.